Orlando na punguzo la hoteli: mkuu, chumba kwanza, pasi baadaye

Mkuu, kama hujabonyeza kununua hizo pasi, usibonyeze. Kama umeshabonyeza, piga simu sasa hivi uulize kama bado inafutika, halafu urudi tuendelee.

Nimeusoma uzi wako wote. Uko Houston, mko watano pamoja na mama aliyekuja kutembea kutoka Tanga, mnataka Orlando, kule Florida, wiki ya Krismasi, na kuna mtu kakwambia nunua pasi za mwaka za bustani ya michezo kwa sababu punguzo la hoteli peke yake linarudisha hela yote. Umeuliza na mengine, gari au ndege, makoti, chakula cha mama. La chakula nitaligusa mwisho, mengine siku nyingine. Hili la pasi ndilo lililonitoa kitandani, maana na mimi niliambiwa hivyo hivyo, nadhani hata nukta ziko pale pale.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la Wabongo yupo jamaa mmoja, na najua kundi lenu nalo lina wa kwenu. Anajua viza, anajua bima, anajua gari gani hainywi mafuta. Siku moja katupia ujumbe mrefu: pasi inajilipa yenyewe, wazungu wanajua hii siri, sisi tumelala. Chini kaweka namba ya kupitia ukitaka kununua. Nikasema huyu ndugu ana moyo. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba pembeni anauza safari, na kila anayepitia kwake yeye ana chake. Kanila hela na bado nilimtumia ujumbe wa asante! Upo hadi leo, sijaufuta, nikiuona naumia upya.

Hesabu yake ilikuwa hivi: hoteli za bustani zinawapunguzia wenye pasi hadi asilimia 30, chumba ni dola 300, zidisha kwa usiku mtakaolala, toa, pasi umepata bure. Ukiisoma haraka inaingia akilini kabisa, hasa ukiwa umeshawaahidi watoto.

Bustani yenyewe siitaji. Mawakili wao wanalipwa kwa saa, mimi nalipwa kila baada ya wiki mbili. Ni moja ya zile kubwa unazozijua.

Nikanunua pasi tano. Yangu, ya mama watoto, za watoto wawili, na ya mama mkwe. Nikanunua KABLA sijaangalia chumba. Hiyo herufi kubwa ni ya makusudi, ukitoka hapa na kitu kimoja tu toka na hicho.

Ya mama mkwe ndiyo inayonichekesha nikiwa na nafasi ya kucheka. Alipoingia nchini aliruhusiwa kukaa miezi sita, kama wanavyopewa wengi wenye viza ya matembezi, na sehemu yake alikuwa ameshaitumia kwa kumlea mjukuu na kukagua friji yangu. Mimi nikamkatia pasi ya miezi kumi na miwili. Na bembea zile kubwa hapandi, alishasema mapema kwamba hajavuka bahari ili aje apinduliwe kichwa chini. Usidhani akiondoka utampa shemeji aitumie. Pasi ina jina na picha, na baadhi ya zile bustani kubwa hata kidole kinapimwa getini.

Basi usiku tukakaa mezani jikoni, mama watoto kashika simu anatafuta chumba kwa bei ya wenye pasi. Kalenda ikafunguka. Mwanzo wa Desemba tarehe zina bei chini yake, nzuri tu. Anasogeza, anasogeza, kufika wiki ya Krismasi tarehe zimekuwa kijivu. Unagusa haifunguki. Unagusa inayofuata, hivyo hivyo, mpaka mwaka mpya umeshapita. Akanigeuzia simu, akanyanyuka kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Na fulana za safari zenye jina la ukoo zilikuwa zimeshachapwa.

Asubuhi nikapiga simu. Dada wa huduma kwa wateja ana sauti tamu, naweza kumsikiliza akisoma orodha ya madeni yangu. Ananiambia punguzo kwa tarehe hizo halipo, ila chumba kipo kwa bei kamili, je, ningependa anishikie? Nikamwambia dada, mimi nina pasi TANO. Nilitegemea atashtuka, amwite meneja. Akanijibu kwa upole kwamba kupata bei ile inatosha mtu mmoja mwenye pasi katika chumba.

Mmoja, mkuu. Yaani hata kama punguzo lingekuwepo, pasi nne kati ya zile tano hazikuwa na kazi yoyote hotelini. Hapo ndipo hela yangu kubwa ilipoishia. Kalenda iliniudhi tu, lakini hizi nne ndizo nilizozilipa mpaka mfanyakazi wa benki akaanza kunijua kwa jina. Na kwenye ule ujumbe mrefu wa jamaa hilo halikuandikwa popote. Linaeleweka, angeuza moja badala ya tano.

Ngoja tupige hesabu ya mfano, tena nampendelea yeye. Tuseme chumba dola 300 kwa usiku na punguzo lipo, asilimia 25. Unaokoa 75. Usiku mitano ni 375. Kodi nayo inapungua kwa kuwa inakatwa kwenye bei ndogo: Orange, kaunti ya Orlando, ni asilimia 12.5 ukijumlisha kodi ya mauzo na ile ya watalii, kwa hiyo weka 422 hivi. Sasa tuseme pasi imezidi tiketi ya kawaida ya siku zako kwa dola 400 kwa kichwa. Ukinunua moja, umebakiwa na dola 22, nenda kanunue soda humo ndani uone kama zitarudi nyumbani. Ukinunua tano, umetoa 2,000 ili uokoe 422. Hesabu hii ningempa mwanangu wa darasa la nne angenirudishia na alama ya mkasi. Mimi baba yake nina shahada, na sikuipiga.

Na hizo 400 nimeziweka kwa huruma. Pasi ya juu kabisa ya Disney World ilivuka dola 1,500 mwaka 2024. Zipo za bei ndogo, za kwao na za wenzao, lakini kadiri bei inavyoshuka ndivyo siku za kufungiwa zinavyoongezeka. Mwisho wa Desemba uko juu kabisa kwenye orodha ya kufungiwa. Kwa hiyo unaweza kuwa na pasi, ukakosa punguzo la chumba, NA getini ukaambiwa leo siyo siku yako. Soma kalenda ya geti na kalenda ya hoteli, ni mbili tofauti, usije ukaona moja imefunguka ukashangilia.

Kuna mdau hapo juu kaandika kwamba yeye pasi ilimlipa, tuache uoga. Ni kweli ilimlipa. Ndugu yangu wewe si umesema uko Tampa, humo humo Florida? Unapanda barabara ya I-4 baada ya chai, unacheza, jioni unalala kwako, na ukitaka hoteli unaenda Septemba watoto wa watu wakiwa shule. Wakazi wa Florida wana pasi zao za bei nafuu ambazo mtu wa Houston hauziwi. Na mleta uzi, wazo la kutumia anwani ya binamu wa Tampa lifute, wanataka kitambulisho cha mkazi. Nalitaja kwa sababu najua limeshapita kichwani.

Halafu fikiria hoteli inatoa punguzo kwa nini. Inataka kujaza vyumba vilivyo vitupu. Wiki ya Krismasi haina kitupu, watu wanagombania bei kamili. Ni konda wa daladala: saa moja asubuhi hakubembelezi hata kidogo, mtagombania mlango wenyewe, saa tano ndiyo anakuita dada mrembo, kaka mkubwa, siti ya dirishani ipo. Hata kwenye siku zenye punguzo wanatenga vyumba kadhaa tu, vikiisha vimeisha, unaweza kukuta Jumatatu ipo, Jumanne ipo, Jumatano hakuna, mnahamahama na masanduku. Ile asilimia 30 ya kwenye tangazo mara nyingi iko kwenye hoteli za ghali. Zile ambazo mimi na wewe tunazitafuta zinapunguziwa kidogo zaidi.

Nanyi mko watano. Chumba cha kawaida huwa ni cha wanne. Mtu wa tano anakusukuma kwenye chumba cha familia au vyumba viwili, na hivyo vya familia ndivyo vinavyowahi kuisha. Jamaa yako aliyekupa hesabu alipiga ya watu wangapi? Muulize. Nina hamu ya kusikia.

Sisi tuliishia kwenda baada ya sikukuu, watoto wakakosa shule kidogo, mwalimu nikamwambia ni safari ya elimu. Punguzo lilikuwepo. Nikashika chumba, nikatembea kifua mbele. Kumbe ukurasa ule ule wa hoteli ulikuwa na ofa ya mtu yeyote, asiye na pasi wala undugu, ukikaa usiku kadhaa bei inashuka. Tofauti ya bei yake na yangu ilikuwa hela ya pizza. Ukiomba wakuunganishie ofa mbili hawakubali, unachagua moja. Nilimwona baba mmoja kwenye foleni ya mapokezi, kalipa sawasawa na mimi na hana pasi hata moja, anachekacheka tu. Nilimchukia bila sababu.

Kwa hiyo fanya hivi. Shika kwanza chumba kinachoruhusu kughairi, kwa bei ya kawaida, kwa tarehe zako na watu wako watano. Soma masharti ya kughairi mpaka mwisho, mwisho wa kurudishiwa hela ni lini na saa ngapi. Ukishakuwa nacho, tafuta bei ya wenye pasi kwa chumba kile kile, tafuta na ofa ya watu wote, tafuta na hoteli za nje ya bustani kwenye barabara ya International Drive. Linganisha jumla ya mwisho kabisa, yenye kodi, ada ya risoti na maegesho ya gari. Tangu tarehe 12 Mei 2025 sheria ya Marekani inawalazimisha kukuonyesha ada za lazima ndani ya bei tangu mwanzo, lakini kodi za serikali bado zinaweza kuongezwa baadaye, na maegesho kama si ya lazima yanakusubiri mapokezi. Bei ya wenye pasi ikishinda kwa zaidi ya ile tofauti ya pasi MOJA na tiketi, nunua pasi moja, ya mtu mzima atakayesimama mapokezi. Wengine tiketi za kawaida. Ikishindwa, huna ulichopoteza, chumba unacho.

Wapo watakaokwambia bei ya pasi itapanda kesho, kimbia. Acha ipande.

Nami nasisitiza kwa sababu pasi ukishanunua akili inabadilika. Unaanza kuitetea. Mimi niliwahi kumweleza mama watoto kwamba tukirudi tena mara kadhaa ndani ya mwaka tutakuwa tumefaidi, kama vile kutoka kwetu hadi Orlando ni Mwenge na Posta. Aliniangalia tu. Mama mkwe alisharudi Moshi wakati ule, pasi yake iko kwenye droo na betri zilizokufa, na bado naletewa ujumbe wa kumkumbusha aje afurahie faida zake.

Mama yako kama ni wa ugali, angalieni nyumba za kupanga Kissimmee, jirani na Orlando, zina jiko kamili na zipo zinazotosha wote watano. Pale mko kaunti ya Osceola, kodi inafika asilimia 13.5, na gari mnahitaji. Weka kwenye ulinganisho. Unga mweupe beba kutoka Houston, usimtegemee mtu.

Ukimaliza, ingia ukurasa wa hoteli, weka tarehe zako, weka watu watano, halafu bandika hapa picha ya ule ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa, wenye kodi zote. Ule wa kwanza usituletee.