Kwa nini Wayahudi wa Ufaransa wasihame tu?

Umeuliza kama wanaogopa si wafungashe waende Israel. Ndugu yangu, wengi wamehama kweli, hasa kipindi cha 2015, ila kumbuka kuna familia kibao zilishang'oka mara moja, zilitoka Algeria, Tunisia na Moroko miaka ya 50 na 60 zikaanza upya Paris na Marseille, sasa unamwambia mtu ang'oke tena wakati duka lake lipo, watoto wako shule na wazee wake wamezikwa hapohapo? Na hofu yenyewe sio ya kufikirika jamani. Toulouse 2012 mtu na bunduki alivamia shule ya Kiyahudi akaua mwalimu na watoto watatu, watoto! Ndo maana unakuta mtu akipanda metro anaficha kipa, kile kikofia kidogo cha Kiyahudi, chini ya kofia ya kawaida, au anabandua mezuza, kile kikasha cha maandiko kwenye fremu ya mlango.

Na hii ya kusema "wanavuna walichopanda Gaza" inaniuma sana, muuza mikate wa Marseille hajatuma ndege yoyote popote.

Halafu hao mnaosema Waislamu na Wayahudi ni maadui tu, someni habari za Hyper Cacher, duka la vyakula vya Kiyahudi huko Paris, lililovamiwa na mtu mwenye bunduki 9 Januari 2015, Ijumaa watu wananunua vitu vya Sabato, wanne wakauawa, na aliyewaficha wateja chini kwenye chumba cha baridi ni Lassana Bathily, mfanyakazi wa hapohapo, Mwislamu wa Mali.