Nimepewa punje tamu za homiopathi, niache vidonge vya presha?

SWALI: Mwanangu mfamasia, hujambo? Magoti yananitesa mwaka wa tatu huu, hospitali wanasema yamesagika. Jirani kanipeleka kwa mtaalamu wa homiopathi. Alinisikiliza saa nzima, hata ndoto zangu aliziuliza, akanipa kichupa cha punje nyeupe tamu kilichoandikwa Rhus tox 30C, shilingi elfu thelathini. Nafuu naiona. Sasa anataka niache daiklofenaki ninayomeza kwa maumivu na vidonge vya presha, eti vinaizima dawa yake. Nifanyeje?
*Mama wa Pongwe, Tanga*

JIBU: Shikamoo mama. Vidonge vya presha usiviache hata siku moja. Hilo kwanza.

Rhus tox ni mmea wa Marekani unaowasha ngozi. Hiyo 30C maana yake tone moja la maji ya mmea limetiwa kwenye matone 99 ya maji au spiriti, kisha tone la mchanganyiko huo likatiwa kwenye mengine 99, hivyo hivyo mara 30. Ukishapita mara ya 12, kwa hesabu za kemia hutarajii hata chembe moja ya mmea kubaki. Umenunua sukari, mama, tena kwa bei ya kuruka. Mjerumani Samuel Hahnemann alipoianzisha tiba hii mwaka 1796, madaktari walikuwa bado wanawatoa wagonjwa damu, kwa hiyo dawa isiyo na kitu ilikuwa na unafuu wake.

Nafuu yako sikukatalii. Watafiti wa Southampton, Uingereza, waliwagawa wagonjwa 83 wa baridi yabisi: wengine wakapewa mazungumzo marefu na mtaalamu, wengine hapana, na katika kila upande wengine walipewa dawa za homiopathi, wengine za bandia. Matokeo yalitoka 2011. Mazungumzo yalisaidia, dawa za homiopathi zilikuwa sawa na za bandia. Kwa hiyo ile saa nzima ndiyo iliyokupoza. Kwetu daktari anakuandikia dawa hata uso hajauinua, na hapo simlaumu mgonjwa anayekwenda kwingine. Tena maumivu ya magoti hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hutafuta tiba mpya yakiwa juu kabisa.

Kuhusu daiklofenaki, bwana huyo kagusa jambo bila kujua: inapandisha presha, inaumiza tumbo na figo. Mwambie daktari wako akutafutie nyingine, pengine ya kupaka, na akuandikie fiziotherapia. Wakati unasubiri, kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mpaka goti likaze, hesabu hadi tano, ushushe taratibu. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni.

Kichupa ukipenda kimalizie. Cha pili usinunue.