Anayecheka juu ya mpapai ni nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimehamia Jinja, karibu na ziwa. Kila alfajiri ndege wa kijivu mwenye mkia mrefu hutua kwenye mpapai wangu na kucheka kwa sauti kama mtu. Je, ni hondohondo? Na wale wa manjano wanaochana majani ya migomba?
Mama Amina

JIBU: Marahaba, Mama Amina. Hondohondo ana mdomo mkubwa uliopinda. Huyo wako ni gorogoro: mdomo mfupi, mnene, wa manjano, na akiruka utaona weupe mbawani. Anakula matunda, kwa hiyo mpapai wako ataurudia. Hata Kampala mjini yupo, na mimi nampenda kuliko ndege wote wa uani.

Wale wa manjano ni mnana, na hapo ndipo penye kazi. Madume wa aina mbili wana vichwa vyeusi. Tazama jicho, mama, usitazame kichwa! Likiwa jekundu, na mgongo una mabaka meusi na manjano, ni mnana wa vijijini. Likiwa la giza, na mgongo hauna mabaka, ni yule apendaye mafunjo ya ziwani. Majike hayana kichwa cheusi, usidhani ni ndege wengine.

Dume ndiye anayefuma kiota kwa vipande hivyo vya majani, kisha ananing'inia chini yake akipigapiga mabawa ili jike aje kukikagua. Migomba haitakufa. Waache wachane.