Kifua kufunguliwa mara ya pili: maswali yenu

Mke wangu aliwekewa valvu ya moyo (mlango unaopitisha damu upande mmoja) ya tishu miaka 11 iliyopita. Sasa tunaambiwa apasuliwe tena. Ina maana mara ya kwanza walikosea?

Hapana. Valvu ya tishu, yaani ya ng'ombe au nguruwe, kwa kawaida hudumu miaka 10 hadi 15, na kwa kijana huwahi kukakamaa kwa chokaa. Ulizeni pia kama valvu mpya inaweza kupitishwa kwenye mshipa wa kinena ikakaa ndani ya ile ya zamani. Jibu linategemea sana ukubwa wa valvu iliyomo, kwa hiyo itafuteni kadi ya valvu aliyopewa siku ya kuruhusiwa.

Kwa nini madaktari wanauogopa zaidi upasuaji wa pili?

Kwa sababu ya kovu. Baada ya mara ya kwanza moyo hunata nyuma ya mfupa wa kidari, na wakati mwingine chemba ya kulia ya moyo au aorta yenyewe, mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo, imelala juu kabisa, imegusana na mfupa. Msumeno ukipita hapo, damu hufoka kabla mgonjwa hajaunganishwa na mashine ya moyo na mapafu.

Ndiyo maana CT scan ya kifua hutangulia, kuangalia nafasi iliyopo kati ya mfupa na moyo. Ikiwa finyu, mashine huunganishwa kwanza kupitia mishipa ya kinena au ya chini ya mtulinga, ndipo kifua kifunguliwe. Waya za zamani zilizofunga mfupa wa kidari hukatwa kwa mbele lakini mara nyingi huachwa mahali pake, ziwe ngao wakati msumeno wa kutikisika unakata mfupa. Pedi za kushtua moyo hubandikwa mapema kwa nje, maana moyo uliozingirwa na kovu haufikiki haraka kwa mkono. Aliyewahi kupandikizwa mishipa ya moyo ana hatari nyingine: mshipa uliopandikizwa ukikatwa, anaweza kupata shambulio la moyo palepale mezani. Ripoti ya upasuaji wa kwanza huonyesha mshipa huo umepita wapi.

Kazi ya kutenganisha kovu ni ya saa nyingi na huvuja damu. Ndugu mkiombwa kuchangia damu, nendeni mapema.

Baba alishonewa aorta iliyochanika karibu na moyo, na amepona. CT scan za kila mara ni za nini?

Kilichobadilishwa ni kipande cha mwanzo tu. Mara nyingi mpasuko huendelea kwenye tao la aorta na kushuka mgongoni hadi tumboni, damu ikipita njia mbili, ile ya asili na ile ya uongo iliyofunguliwa na mpasuko ndani ya ukuta, na ukuta mwembamba wa njia ya uongo hutanuka bila maumivu yoyote. Kipenyo cha aorta kikikaribia sentimita 5.5, upasuaji huanza kuzungumzwa. Mwenye ugonjwa wa Marfan, wa kurithi unaodhoofisha ukuta wa aorta, huwahishwa zaidi. Beba picha za zamani, kwani kasi ya kutanuka hujulikana kwa kulinganisha. Presha ibaki chini ya 130/80, na dawa zisikatizwe ghafla.

Nina valvu ya chuma. Niache wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) lini kabla ya upasuaji?

Usiiache kwa uamuzi wako. Kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, na mwenye valvu ya chuma ya mitrali (ile ya kati ya chemba mbili za kushoto za moyo) hupewa heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kuziba pengo hilo. Balaa huja tarehe ikiahirishwa: mgonjwa anarudi nyumbani, hakuna aliyemwambia aendelee na nini, na baada ya siku chache valvu imegandwa na damu au amepata kiharusi. Tarehe ikisogezwa, uliza siku hiyohiyo unatumia dawa gani usiku huo.

Jino bovu lina uhusiano gani na moyo?

Vijidudu vya kinywani huingia kwenye damu na kujenga makazi kwenye valvu ya bandia. Meno yatibiwe kabla ya upasuaji. Ukiwa tayari na valvu ya bandia, kwa kung'oa jino hutumika amoksilini gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla, kama huna mzio wa penisilini. Na ukipata homa, usikimbilie antibiotiki za duka la dawa: damu ya kuotesha vijidudu ichukuliwe kwanza, kwa sababu vidonge vya siku mbili vinaweza kuficha kijidudu ambacho matibabu yake huchukua wiki 6.