Dada, kinga ya nini?

Wadogo zangu mnaoanza kliniki ya uzazi wa mpango, kuna neno litakalowapoteza kama lilivyonipoteza mimi: kinga. Unamuuliza mteja, "Dada, unatumia kinga?" Anajibu bila kusita, "Ndiyo, nesi." Unaandika, mnaendelea. Kumbe yeye anazungumzia kijiti cha kuzuia mimba kilicho mkononi, wewe unawaza kondomu.

Siku hizi nauliza mara mbili. Mimba unaizuiaje? Akishajibu: na magonjwa je? Hapo kwenye la pili wengi hunyamaza kidogo.

Mama mmoja alirudi kwangu mara tatu na uchafu ule ule ukeni. Mara mbili nilimpa dawa nikamuaga. Ya tatu ndipo nilipomuuliza mumewe alimeza nini. "Yeye haumwi," akasema. Nilikuwa natibu nusu ya ugonjwa. Trikomonasi, ugonjwa wa zinaa, kwa mwanaume mara nyingi haioneshi dalili yoyote, na klamidia, nayo ya zinaa, hujificha kwa wote wawili. Kadi ya mwenza, ile ya kumwita mwenzi naye aje atibiwe, itoke siku ile ile ya kwanza. (Ila msimpe kadi kila anayewashwa. Fangasi hazihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa, na neno lako moja linaweza kuwasha moto nyumbani kwa watu.)

Kitanzi, kile kinachowekwa ndani ya kizazi kuzuia mimba, kinataka macho. Ukiona usaha kwenye shingo ya kizazi, usiweke. Tibu kwanza, mpe njia nyingine ya kuzuia mimba ya kumvusha. Lakini akiwa tayari nacho ndipo akapata kisonono, usikimbilie kukitoa. Mtibu kikiwa ndani. Nimeona wenzetu wakikitoa kwa hofu, na mteja akarudi baadaye na mimba asiyoitaka.

Anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu, vidonge vya kuzuia mimba na vijiti humpungukia nguvu. Sindano ya miezi mitatu haina shida hiyo.

Sindano yenyewe mtaulizwa sana kama inaleta VVU. Utafiti uliofanyika Kenya, Zambia, Eswatini na Afrika Kusini, matokeo yakatoka 2019, uliwafuata wanawake zaidi ya 7,800 wa sindano, vijiti na kitanzi. Haukuona tofauti kubwa kati ya njia hizo tatu. Kilichonishtua mimi ni kingine: katika kila wanawake mia, karibu wanne walipata VVU kwa mwaka, na hao walikuwa wakipewa ushauri na kondomu.

Maana kupewa si kutumia. "Mume wangu atasema simwamini," ndilo jibu mtakalolisikia kila siku, na hotuba hailiondoi. Mimi hutumia siku za dawa. Namwambia: nyumbani sema nesi amekataza kukutana bila kondomu mpaka wote mmalize dawa na siku saba zipite. Ni kweli tupu, na lawama inabaki kwangu. Nazifunga kondomu kwenye bahasha ya dawa, si mkononi mbele ya wifi yake aliyemsindikiza. Wapo waliorudi kuomba nyingine.