Lami mwaka wa tatu? Anzeni na maji, jengo litafuata

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya klabu inayomiliki uwanja wa mbio za magari wenye umri wa zaidi ya miaka 50. Gereji za timu zimechakaa, jukwaa kuu limeanza kupasuka, na mvua ikinyesha maji yanatuama kwenye kona mbili. Msanifu majengo ametuletea mpango wa miaka mitatu: wa kwanza jengo jipya la gereji na jukwaa, wa pili maegesho na vyoo, wa tatu lami mpya. Je, mpangilio huo unafaa? Na tunaweza kuendelea na mbio huku ujenzi ukiendelea?

Jibu: Ndugu mjumbe, mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu, na nakuomba uupinge kabla mkataba haujasainiwa. Nimefanya kazi ya barabara na viwanja vya mbio kwa miaka mingi, na kosa ninalokutana nalo zaidi ni hili: fedha nono za mwanzo zinakwenda kwenye kitu kinachopendeza kwenye picha, na lami inakuja kukumbukwa mfuko ukiwa umeshatoboka.

Sababu ya kwanza ni vimo. Sakafu ya gereji hupangwa kwa kufuata kimo cha njia ya piti, yaani ile njia ya mbele ya gereji ambako magari huingia kuhudumiwa, na njia ya piti hufuata kimo cha njia ya mbio. Mkijenga gereji leo halafu mwaka wa tatu mkaongeza tabaka la lami, au mkabadilisha mwinamo ili maji yatoke, vimo vyote vinahama na jengo linabaki palepale. Niliwahi kuitwa kwenye uwanja mmoja ambako njia ya piti iliishia kuwa juu ya sakafu ya gereji kwa sentimita 4. Mvua ya kwanza ilipopiga, makanika walikuwa wanasukuma maji nje kwa mafagio huku magari yamepandishwa kwenye jeki. Kurekebisha kulimaanisha kukata lami ambayo haijamaliza hata msimu mmoja.

Ongeza na malori. Jengo kubwa huleta malori ya zege, ya nondo na ya kifusi kwa miezi mingi, na yote hayo lazima yapite mahali: njia yao ipangwe tangu mwanzo, isikatize juu ya lami mpya.

Sasa hizo kona mbili zenu, maana kwangu hilo ndilo swali lenyewe. Chukua bonde dogo lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 4 na kina cha milimita 5 tu. Kwa macho hulioni. Likijaa, lina lita 200, yaani pipa zima la maji limemwagwa barabarani. Gari linalokwenda kilomita 250 kwa saa linalivuka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na katika muda huo tairi haiwahi kuyasukuma maji pembeni: inapanda juu yake na usukani unakuwa mwepesi kama wa mchezo wa watoto. Dereva hana la kufanya.

Na lami mpya peke yake haitibu ugonjwa huo. Silverstone ya Uingereza iliwekewa lami mpya mwanzoni mwa 2018. Agosti mwaka huohuo, kwenye mbio za pikipiki za MotoGP, maji yalituama wakati wa mazoezi ya Jumamosi, waendeshaji kadhaa wakaanguka mahali pamoja, na Tito Rabat akavunjika mguu vibaya baada ya kugongwa na pikipiki nyingine. Jumapili mbio zikafutwa kabisa, mashabiki wakiwa wamekaa majukwaani kwa saa nyingi wakisubiri. Mwaka uliofuata lami ikawekwa upya. Huo ni uwanja wenye wataalamu na fedha. Klabu yenu haiwezi kulipia kazi moja mara mbili.

Kwa hiyo anzeni chini ya ardhi. Mitaro, makalvati, mabomba ya maji safi na machafu, nyaya za umeme na za mawasiliano, na njia za chini za magari ya huduma, vyote viingie kabla ya tabaka la mwisho la lami. Monza ya Italia, iliyojengwa 1922, ilipofanyiwa ukarabati mkubwa 2024, njia za chini zilipanuliwa pamoja na kazi ya lami. Mkichelewesha bomba moja, mtakuja kukata lami mpya kwa msumeno, na kiraka kwenye njia ya mbio hakifichiki.

Kabla hata ya hapo, kamati iamue uwanja utamhudumia nani. FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, hugawa viwanja kwa madaraja, la 1 likiwa ndilo la Formula 1, na leseni ina muda maalumu, hivyo wakaguzi watarudi. Daraja mnalolitaka ndilo linaloamua vizuizi, maeneo ya usalama nje ya kona, kituo cha tiba na chumba cha uongozi wa mbio. Pikipiki nazo zina matakwa yake: aliyeanguka anahitaji changarawe ya kumpunguzia mwendo. Ndiyo maana Spa-Francorchamps ya Ubelgiji ilirudisha changarawe kwenye kona kadhaa kabla ya kupokea tena mbio za saa 24 za pikipiki 2022. Kuomba daraja la juu kwa fahari tu ni kujitwika mzigo wa bure.

Jukwaa nalitenga, kwa sababu halisubiri foleni ya mwaka wowote. Angalieni nyufa: zikinyooka kufuata nondo na zina madoa ya kutu, chuma kinaoza ndani. Kutu huvimba kuliko chuma kilichoizaa, na huo uvimbe ndio unaopasua zege. Watu wakiruka na kushangilia kwa pamoja, mzigo wake si sawa na wa watu waliokaa. Lifungeni hadi mhandisi wa miundo alipime, hata kama mbio ni wiki ijayo. Mkifika kulijenga upya, msikimbilie idadi ya viti. Daytona ya Marekani ilitumia takriban dola milioni 400 katika ukarabati uliokamilika 2016, na ikatoka na viti vichache kuliko mwanzo, ila vipana, vyenye njia na huduma bora.

Kuhusu kuendelea na mbio: inawezekana jengo jipya likikaa mahali pengine. Jengo la Wing la Silverstone, lililofunguliwa 2011, lilijengwa upande tofauti na gereji za zamani, ambazo ziliendelea kutumika. Wakati wa kazi ya lami, hapana, fungeni kabisa. Tena msipange mbio kubwa mara tu mashine zikiondoka. Istanbul Park ya Uturuki mwaka 2020 ilipokea Formula 1 muda mfupi baada ya kuwekewa lami. Kulikuwa na baridi, lami ilikuwa mbichi bado, na madereva bora duniani wakawa wanateleza. Mwaka uliofuata lami hiyo ilikwanguliwa kwa maji yenye mgandamizo mkubwa, na mshiko ukarudi.

Kazi moja mnaweza kuifanya wenyewe kabla ya kikao. Mvua ijayo ikikatika, subirini dakika 15, kisha watu wanne watembee njia nzima na chaki, wazungushie kila dimbwi na kuandika kina chake kwa rula. Pigeni picha, hamisheni alama kwenye ramani, mkampe msanifu na kumuuliza maji ya kila duara yatapita wapi.