Dopamini, homoni na presha: majibu kwa wasomaji

Nimesikia dopamini, kemikali ya ubongo inayohusishwa na raha, ikiwa nyingi hupandisha presha. Je, nikijinyima simu na starehe itashuka?

Usitegemee hilo. Dopamini ya ubongo haivuki kwa urahisi kizuizi kilichopo kati ya ubongo na damu, na wanaoeneza habari hizi husahau kwamba figo hujitengenezea dopamini yake, ambayo huzisaidia kutoa chumvi kwenye mkojo na hivyo kushusha shinikizo. Dopamini hiyohiyo, mgonjwa mahututi akitundikiwa dripu yake kwa kipimo kikubwa, hubana mishipa na kupandisha shinikizo lililoporomoka. Kuiweka simu kando hakuna madhara. Kinachoua ni kuacha vidonge kwa kuamini kwamba umepata mbadala.

Natumia dawa tatu, presha bado ni 160 kwa 100 na potasiamu iko chini. Naambiwa ni mawazo tu.

Mawazo peke yake hayaelezi upungufu wa potasiamu. Ikiwa unameza dawa zote bila kuruka, mwombe daktari akupime kwa pamoja homoni ya aldosteroni na renini, kimeng'enya cha figo kinachochochea kutolewa kwake. Aldosteroni hutoka katika tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, na ikizidi mwili huzuia chumvi na kumwaga potasiamu. Daktari Mmarekani Jerome Conn aliueleza ugonjwa huo mwaka 1955, na bado wagonjwa wengi hupita bila kupimwa. Tezi moja ikiwa ndiyo yenye kosa, huweza kuondolewa kwa upasuaji. Zikiwa zote mbili, zipo dawa zinazozuia kazi ya aldosteroni, kama spironolaktoni. Mweleze pia kama mojawapo ya dawa zako ni ya kukojosha, kwa maana nayo hupunguza potasiamu.

Ni dawa gani ya asili husawazisha homoni?

Homoni ipi, na imepimwa lini? Swali hili hunifikia kila mara bila majibu hayo mawili. Urukususu, mzizi mtamu unaosifiwa sana, huifanya kotisoli, homoni nyingine ya adrenali, itende kazi kama aldosteroni, hivyo ukitumiwa kwa wingi hupandisha presha.

Hushikwa ghafla na maumivu ya kichwa, jasho na moyo kwenda mbio, kisha hutulia. Ni wasiwasi?

Huenda, lakini uvimbe wa adrenali unaomwaga adrenalini hufanya vivyo hivyo. Omba kipimo cha metanefrini, yaani mabaki ya adrenalini iliyovunjwa mwilini, na usianze dawa ya kupunguza mapigo ya moyo kwa ushauri wa jirani, kwa kuwa penye uvimbe huo, dawa hiyo ikitangulia peke yake huweza kulipandisha shinikizo kwa kiwango cha hatari.